Kabla hujasema ni uzee, muulize anaishije: hotuba kuhusu meno yanayosagika vijijini

Wale ambao hamkufika mmekuwa mkiniandikia mnataka kujua nilisema nini siku ile, basi nimeamua kuiweka hotuba yote hapa kama nilivyoitoa, picha za ukutani tu ndo nimeziacha maana bila mtu wa kuzielekeza kwa kidole hazisemi kitu.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wahudumu wa afya mliotembea toka asubuhi kuja hapa, na nyie vijana mliosimama kule nyuma, hamjambo? Nashukuru sana.

Naomba tuanze na jambo dogo. Kila mtu afunge mdomo, apitishe ulimi kwenye ncha za meno yake ya mbele ya chini, taratibu. Unasikia nini? Pana makali au pamekuwa bapa? Haya, sasa peleka ulimi nyuma kwenye magego, pale juu tunaposagia chakula. Pana vilima na mabonde kama siku jino lilipoota, au pamekuwa tambarare, au pengine pana kishimo katikati na ukingo wake unakukwaruza ulimi?

Sasa mwangalie jirani yako umuulize miaka yake. Nina hakika hapa tulipokaa wapo watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja meno yake yana vilima bado na mwenzake yamebaki nusu. Kwa nini? Hilo ndo swali lililonileta, na miaka yangu yote ya kutazama midomo ya watu wa vijijini imenifundisha kwamba jibu huwezi kulipata kwa kutazama mdomo peke yake.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana watu wanachanganya. Jino kuoza ni kitu kingine. Jino likioza ni bakteria wamekula sukari wakatoa tindikali, wakachimba shimo mahali pamoja, na kuoza watu wanakujua, kila mtu ameshauguliwa usiku kucha akalia. Kusagika ni tofauti, hapa bakteria hawahusiki. Jino linaisha kwa njia tatu. Linaweza kusuguana na jino lenzake, kama mtu anayesaga meno usingizini. Linaweza kusuguliwa na kitu cha nje, mchanga, vumbi, mswaki mgumu, uzi, msumari. Au linaweza kumwagikiwa na tindikali, iwe ya ndimu, ya soda, au ile ya tumboni mwako mwenyewe. Na mara nyingi zote tatu zinashirikiana, tindikali inalainisha juu, mchanga unakuja kukwangua kilicholainika, usiku meno yenyewe yanamalizia kazi.

Lile ganda la nje linaitwa enameli. Hakuna kitu kigumu kama hicho kwenye mwili wa binadamu, ni gumu kuliko mfupa, karibu asilimia 96 yake ni madini. Lakini unene wake, hata pale kwenye kilima cha gego ambako ni nene kuliko kote, ni kama milimita 2.5 tu. Basi. Na zile seli zilizolitengeneza zinapotea jino linapotokeza kwenye fizi, kwa hiyo likiisha limeisha, halioti kama kucha, haliungi kama mfupa. Chini yake kuna dentini, ina rangi ya manjano na ni laini zaidi, na ukishafika huko mambo yanakwenda mbio, ndo maana gego la mtu mzima linaweza kuwa na shimo katikati kama kikombe.

Na mchanga nao mnaujua ugumu wake? Kuna kipimo cha ugumu wa mawe kinaitwa kipimo cha Mohs. Kwenye kipimo hicho enameli iko kama 5. Chembe za mchanga, ile kwatzi, ni 7. Mchanga unalishinda jino. Kila siku, kila tonge, mchanga unalishinda jino.

Haya, tuingie kwenye umri, maana ndo kila mtu anaukimbilia. Miaka yangu ya mwanzo kazini nikiona meno yamesagika nilikuwa naandika kwenye kadi neno moja tu, uzee, halafu naita anayefuata. Siku moja wakaingia dada wawili pamoja, mama mmoja, baba mmoja, ziwa moja. Mkubwa alikuwa na miaka 59 na mdogo 58. Mdogo ndiye alikuwa mgonjwa, dada yake kamsindikiza tu. Nikamwambia yule mdogo, mama, haya ni mambo ya umri, hatuna la kufanya. Yule mkubwa akacheka kwa mshangao akafungua mdomo wake, akasema basi na mimi nitazame. Meno yake yalikuwa na vilima vyote! Magego unaweza kuyachora kitabuni. Na wa mdogo yamebaki kimo cha punje ya mahindi.

Nilisimama pale sijui niseme nini.

Nikawaomba wakae tuongee. Mkubwa aliolewa mjini akiwa na miaka 19, akaishi huko kwa unga wa kiwandani na maji ya bomba. Mdogo alibaki nyumbani, kwa miaka zaidi ya thelathini alisaga nafaka kwa jiwe juu ya jiwe, nafaka yenyewe imeanikwa chini kwenye udongo, na kila mzunguko wa lile jiwe unaacha chembe zake ndani ya unga. Juu ya hapo ameng'olewa magego sita kwa nyakati mbalimbali, kwa hiyo yaliyobaki yanabeba kazi ya yaliyoondoka. Dada wawili, tofauti ya mwaka mmoja, na huyu mwenye umri mdogo ndo mwenye meno ya bibi kizee. Sasa niambieni, uzee uko wapi hapo?

Sikatai kwamba umri unachangia, lazima uchangie kwa sababu jino linalika kidogo kidogo kila mwaka wa maisha. Watafiti waliwahi kukusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakazijumlisha, matokeo yakatoka 2009, wakakadiria kwamba wenye kusagika kukubwa ni kama asilimia 3 kwenye umri wa miaka 20, wanafika asilimia 17 kwenye miaka 70. Watu wanaisoma hesabu hiyo wanasema unaona, ni uzee. Mimi naigeuza. Kama kati ya wazee 100 wa miaka 70 ni 17 wenye meno yaliyokwisha sana, wale 83 wamesalimikaje? Nao si wamezeeka vilevile?

Kuna jambo moja nalipenda sana katika habari hii. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja, A. E. W. Miles, alieleza njia ya kukadiria umri wa watu wa kale waliozikwa Uingereza kwa kutazama magego yao. Gego la kwanza la ukubwani linatoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la pili miaka 12, la tatu kwenye 18. Kwa hiyo gego la kwanza daima limemtangulia la pili kazini kwa miaka 6, ukilinganisha mawili hayo unajua miaka 6 inakula jino kiasi gani kwa watu wale, ukishajua hapo unahesabu kwenda mbele. Ni akili nzuri sana. Lakini njia hiyo inakubali kwa watu wa jamii moja, wanaokula chakula kilekile kilichoandaliwa vilevile. Chukua kipimo cha jamii moja ukapime jamii nyingine, utamwambia mtu wa miaka 35 kwamba ana 60. Misri ya kale hata wafalme wao, ukitazama maiti zao zilizohifadhiwa, wengi meno yamesagika vibaya, kwa sababu mkate wao ulikuwa na mchanga wa jangwani na unga wa mawe ya kusagia. Mfalme hakosi chakula, ila mchanga ulimkuta humohumo kwenye sahani yake.

Kwa hiyo umri ni muda tu wa kusagwa. Nani anayekusaga, hilo ni swali la pili.

Nami nilikuja kulielewa swali la pili kwa baba mmoja mponda kokoto. Alikuja analalamika meno yanakufa ganzi hata akivuta hewa kwa mdomo, maji ya baridi ndo kabisa hathubutu. Ana miaka 41. Meno ya mbele yote bapa, juu na chini, yamelingana kama yamepigwa randa. Mwenzangu kazini akaninong'oneza, huyu ni tumbaku ya kutafuna. Na kweli alikuwa anatafuna, na tumbaku ile ina chembechembe za mchanga ndani yake, kwa hiyo mwenzangu hakukosea, ila hakuwa amemaliza. Nikamuuliza yule baba, hebu nionyeshe unavyofanya kazi. Akakunja mkono akainua nyundo ambayo haipo, akashusha. Akainua tena, akashusha. Nikaona taya! Kila akishusha ile nyundo anauma meno kwa nguvu zake zote, misuli ya shavu inasimama. Nikamwambia hesabu, kwa siku unapiga mara ngapi? Akanitazama tu. Na vumbi la mawe liko mdomoni muda wote kwa sababu mtu anayefanya kazi nzito anahema kwa mdomo, halafu jua kali, jasho linamtoka, maji hanywi mpaka saa sita, mate yamekauka. Mate ndiyo yanayoosha jino, ndiyo yanayozimua tindikali na kulirudishia madini kidogo. Bila mate jino liko peke yake.

Sasa mtu huyu unamwambiaje? Uzee? Ana 41. Uzembe? Huyu anaamka saa kumi alfajiri.

Nikishaona hivyo nikaanza kuuliza kila mtu kazi yake, na meno yakaanza kuniambia mambo. Fundi cherehani anayekata uzi kwa meno ana kimfereji kwenye jino moja la mbele, mahali palepale miaka yote. Seremala na fundi viatu anayebana misumari mdomoni ana pengo dogo kama la ufunguo. Waliofanya kazi kwenye viwanda vya betri wanavuta mvuke wa tindikali, na meno yao ya mbele ndo yanaisha kwanza kwa sababu ndo mlango. Mkulima wa eneo kavu lenye upepo naye anakula vumbi tangu anashika jembe hadi analiweka. Siku hizi mtu akifungua mdomo huwa najaribu kuotea kazi yake kabla hajaniambia, na mara nyingi napatia.

Tafiti nyingi zinakuta wanaume wanasagika zaidi kuliko wanawake. Sababu zinazotajwa ni nguvu ya taya, tumbaku, na kazi za vumbi. Sawa, nakubali. Lakini hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa nyie wahudumu, kwa sababu hesabu hiyo imetufanya tusiwatazame wanawake vizuri.

Alikuja mama mmoja, miaka 34, kajifunika mdomo kwa khanga. Sikuelewa kwanza, nikadhani ana kidonda. Nilipomwomba afungue, meno yake ya juu ya mbele kwa nje yalikuwa mazuri tu, ila ncha zake zimekuwa nyembamba mpaka mwanga unapita. Nikaweka kioo nyuma yake. Upande wa ndani, unaoelekea ulimi, ulikuwa umekwisha, laini unang'aa kama sahani iliyoyeyushwa, manjano ya dentini yamejaa. Huko nyuma hakuna nyundo inayofika, hakuna mswaki unaosugua hivyo. Nikajua ni tindikali inayotokea chini.

Nikamuuliza polepole. Akalia kabla hajajibu. Ndugu wa mume walikuwa wanasema anakunywa pombe kwa siri, ndo inamla meno. Wengine wanasema ana ugonjwa, mkimbie. Ukweli wake ni kwamba alikuwa amebeba mimba nne, kila mimba anatapika miezi mitano sita, asubuhi mchana jioni, halafu kati ya mimba na mimba ana kiungulia kinachompandisha maji machungu hadi kooni akilala. Hajawahi kumwambia mtu yeyote kwenye kliniki kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kutapika si ni kawaida ya wajawazito? Tena alikuwa mtu msafi, kila akitapika anakimbilia mswaki apige meno kwa nguvu ili harufu isijulikane.

Mnaona mtego huo? Tuna kipimo cha ukali wa tindikali, namba ikishuka ukali unapanda, na kila namba moja ukishuka ukali unazidi mara kumi. Mate ya kawaida yako karibu na 7. Enameli inaanza kuyeyuka ukifika kama 5.5. Tindikali ya tumboni ni 1 hadi 2! Yaani kila alipotapika meno yake yalioga kwenye kitu kikali mara maelfu kuliko kile ambacho tayari kinayeyusha enameli, halafu palepale, ganda likiwa limelainika, anachukua mswaki anakwangua. Alichopaswa kufanya ni kusukutua kwa maji tu, atulie, mswaki aje kuushika baadaye mate yakishafanya kazi yake. Maji tu. Sentensi moja ya mhudumu kwenye mimba ya kwanza ingemwokolea meno na ingemwokolea jina.

Mimi kesi hii sijaisahau na sitaki kuisahau. Mimba nne, mahudhurio mangapi ya kliniki hayo? Tulimpima uzito, tukampima presha, tukampima damu, hakuna hata mmoja wetu aliyesema mama, hebu fungua mdomo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sisi tuliuona mwepesi kwa sababu hatukuubeba.

Nije kwenye elimu. Kila utafiti wa vijijini unaouliza kuhusu shule unatarajia kukuta kwamba aliyesoma kidogo anasagika zaidi, na mara nyingi inatokea hivyo kweli. Lakini jamani, kinacholinda jino si cheti. Kuna bibi mmoja niliyemkuta na meno yaliyochongwa shingoni, pale jino linapokutana na fizi, kila jino lina mkato kama mti uliopigwa shoka mara mbili ukaachwa. Nikamuuliza anasafishaje. Akaniambia kwa fahari, kijana wangu, mimi napiga mswaki mara tatu kwa siku, kwa nguvu, hivi na hivi, kushoto na kulia, kwa majivu yaliyochanganywa na mchanga laini, maana mlikuja wenyewe hapa mkatuambia tupige mswaki sana.

Mlikuja wenyewe. Alikuwa hakosei. Tulikwenda, tukasema pigeni mswaki sana, tukapanda gari tukaondoka. Hatukusema mswaki uwe laini. Hatukusema mkono uwe mwepesi, uzunguke, usikate kama msumeno. Hatukuuliza dawa ya meno wanayo au hawana, na wasipokuwa nayo watatumia nini. Mtu mtiifu kuliko wote kijijini ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu ametutii.

Hela nayo ina mambo yake, haiendi upande mmoja. Mahali pengine masikini ndo anasagika zaidi kwa sababu ya vumbi, unga wa mawe na kazi. Mahali pengine tafiti za vijana zinakuta wenye nafasi ndo meno yao yanayeyuka, kwa ajili ya soda na juisi za chupa, na soda ya kola ukiipima iko kwenye 2.5 hivi. Na sasa hivi kijijini vimekutana vyote viwili, baba ana meno ya kusagwa na mawe na mtoto wake ana meno ya kuyeyushwa na soda, wanakula meza moja. Wala msidhani ni mambo ya vijijini peke yake, uchunguzi mkubwa wa 2009 uliofanyika England, Wales na Ireland ya Kaskazini ulikuta watu wazima 77 kati ya 100 wenye meno wana kusagika fulani kwenye meno ya mbele, 15 kati yao ni kwa kiwango cha kati, na 2 kwa kiwango kikubwa.

Jambo la mwisho kabla sijawapa kazi ni umbali wa matibabu, na hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu nyie mnalijua kuliko mimi. Mtu anaumwa gego. Kituo kina koleo na ganzi, hakina cha kuzibia. Gego linang'olewa. Baada ya miaka mitatu lingine, linang'olewa. Nina mzee mmoja alibaki na meno kumi na moja, yote ya mbele, magego hana hata moja. Anatafunia nini? Meno ya mbele, ambayo ni ya kukatia, hayakuumbwa kusaga. Alipokuja kwangu yalikuwa yamefika karibu na fizi. Akasema haumwi, na mimi naamini, kwa sababu jino linaposagika polepole linajitengenezea ukuta kwa ndani, mshipa unarudi nyuma, halipigi kelele. Ndo hatari yake. Linakwisha kimya. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wako kwenye nchi za kipato cha kati. Magonjwa yanayotajwa mbele ni kuoza, fizi, kukosa meno na saratani. Huyu mzee wangu ataingia kwenye hesabu siku atakapobaki kibogoyo, wakati kazi ya kumuokoa ilikuwa miaka ishirini nyuma.

Haya, wahudumu wa afya, kalamu mnazo? Kuna kipimo kinaitwa BEWE, kilitolewa 2008, hakihitaji mashine. Unagawa mdomo vipande sita, vitatu juu vitatu chini. Kila kipande unatafuta jino lililoathirika zaidi, unalipa alama, 0 kama hamna kitu, 1 kama ndo linaanza kupoteza sura yake ya juu, 2 kama limepotea wazi ila chini ya nusu ya upande ule, 3 kama ni nusu au zaidi. Unajumlisha, ya juu kabisa ni 18. Dakika tatu tu, kioo na tochi. Kilitengenezwa kwa ajili ya meno yanayolika na tindikali ila kinakupa pa kuanzia kwa mtu yeyote. Mwakani mpime tena mlinganishe, kama namba imepanda mjue bado kuna kinachomla.

Lakini alama bila maswali ni bure, kwa hiyo chini ya alama andikeni majibu ya maswali haya. Unafanya kazi gani na mdomo wako unakuwaje ukiwa kazini? Unga wako unasagwa wapi na nafaka inaanikwa wapi? Unatapika au unapata kiungulia? Unasafishia nini meno na kwa mkono gani? Umeng'olewa mangapi? Kuna dawa unayomeza kila siku? Hilo la dawa msiliruke, dawa nyingine za presha na za usingizi zinakausha mate. Na muulize kwa upole, faragha, mama mkwe akiwa amebaki nje.

Na nyie wengine, sitawaambia muache kazi zenu maana watoto watakula nini. Nawaambia yanayowezekana. Anayeponda mawe ayaloweshe kabla ya kuponda, vumbi linapungua, afunge kitambaa mdomoni na puani, awe na chupa ya maji anywe mara kwa mara, na kabla hajaweka chakula mdomoni asukutue kwanza. Kama kuna kitu laini cha kubana kati ya meno wakati wa kupiga nyundo, njoo tuongee, tutakutengenezea. Nafaka ianikwe juu ya turubai au mkeka, ipepetwe, ioshwe. Fundi cherehani, mkasi uko mezani, jino liache. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe na floraidi, ile iliyoandikwa kati ya 1000 na 1500 ppm, kiasi cha punje ya njegere kinatosha, ukimaliza tema tu usisukutue sana. Mswaki wa mti nao unafaa, ila usikwangue shingo ya jino. Ukishakunywa kitu kichachu au ukishatapika, maji kwanza. Soda usiinywe kidogo kidogo mchana kutwa, bora uimalize na chakula mara moja.

Yule mama wa khanga, najua mtaniuliza. Tulitibu kile kiungulia kwanza, maana ukijaza jino huku tindikali inapanda unafanya kazi bure. Halafu tukamjazia upande wa ndani, jino kwa jino, miezi miwili. Na kwa ruhusa yake nilikwenda nyumbani kwao, nikakaa na mume na mama mkwe, nikawachorea kwenye karatasi tumbo, koo, na meno, nikawaonyesha njia inayopitiwa na tindikali. Mama mkwe alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwani na mimi haya yangu ni hayohayo? Akafungua mdomo. Yalikuwa hayohayo, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama maisha yake yote. Alikuwa amezaa watoto tisa.

Basi. Nimekuja na kioo, tochi na glavu za kutosha, nitakaa pale kwenye kile kiti karibu na dirisha penye mwanga. Wahudumu watatu waje wakae na mimi waandike alama, wengine waulize maswali. Tunaanza na wajawazito na wazee, halafu waponda kokoto, halafu wengine wote kwa foleni. Mama uliyekaa mbele hapo, wewe mwenye mtoto mgongoni, naona umeshafunika mdomo toka nilivyoanza kuongelea ile khanga, njoo wewe wa kwanza, tutasogeza kiti ukutani ili usionekane.